Debe la mahindi na kipindi cha michezo

Sera ya elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Tanzania Januari 2016, wazazi wengi waliielewa kwa mkato: habari ya kutoa fedha shuleni imekwisha. Nyaraka za serikali zilifuta ada na michango ya lazima, ila chakula cha mwanafunzi wa kutwa kikabaki mikononi mwa mzazi. Mkanganyiko ulianzia hapo, na mpaka leo haujaisha. Mwalimu mkuu anasita kuitisha mchango asije akaambiwa anawatoza watu kinyume cha agizo. Diwani anausimamia mchango huohuo kwenye mkutano wa kijiji. Mzazi anauliza: kama elimu ni bure, debe la mahindi la nini tena? Wakati wakubwa wakijibizana, mtoto ametoka nyumbani alfajiri, atarudi alasiri, na mfukoni ana sarafu ya kipande cha muhogo, au hana kitu.

Upande wa michezo nako mambo hayaeleweki vizuri zaidi. Kila mwaka mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari hufunguliwa kwa mbwembwe, na mtu akiyatazama anaweza kuamini kwamba wanafunzi wa nchi hii wanakimbia kutwa. Wanaokimbia ni wale waliochaguliwa. Wengine wanabaki darasani.

Mjadala wa nani alipe umekuwa mrefu kiasi cha kuyameza maswali mawili mengine: ni kitu gani hasa kinaingia kwenye sahani, na mwili wa mtoto unafanya nini katika saa zote anazokuwa shuleni. Maswali hayo matatu hayatenganishiki, na kila jibu lina gharama yake.

Shamba la shule na maziwa ya Nyayo

Suala lenyewe ni la siku nyingi. Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule iwe na shamba lake na ijilishe kadiri inavyoweza. Asubuhi kulikuwa na mchakamchaka, wanafunzi wakikimbia kwa mistari huku wakiimba kabla ya kuingia darasani. Chakula na mazoezi vilikaa kwenye ratiba moja bila mtu kuviita mradi. Sifa ya utaratibu huo iliharibiwa na matumizi mabaya. Mahali pengine mwanafunzi aligeuzwa kibarua, mavuno hayakuonekana kwenye sahani yake, na jembe likawa adhabu ya aliyechelewa namba. Mzazi aliyepitia hayo ana haki ya kushtuka akisikia shamba la shule linarudishwa.

Kenya ilipita njia nyingine. Mwaka 1979 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilianza kugawa maziwa katika shule za msingi, yale ambayo kizazi kizima kinayakumbuka kama maziwa ya Nyayo. Mwaka uliofuata Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likaanza kushirikiana na serikali kulisha shule za maeneo kame. Kuanzia 2009 baadhi ya shule zikawa zinapelekewa fedha badala ya magunia, ili zinunue kwa wakulima na wafanyabiashara wa karibu, na ilipofika 2018 serikali ikaubeba mpango mzima. Tanzania nayo ilikuwa na WFP katika mikoa kame ya kati ikiwemo Dodoma na Singida. Mradi ulipofungwa, masufuria yakarudi kwa wazazi.

Watoto wawili katika nchi moja

Ugumu wa kutunga sera moja unatokana na ukweli kwamba wanaolengwa hawafanani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, katika utafiti wake wa mwaka huohuo, ilikuta udumavu wa asilimia 18, na papo hapo ikakuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Njaa na unene vinaishi mtaa mmoja, na wakati mwingine nyumba moja.

Kuhusu wanafunzi wenyewe, utafiti wa kimataifa uliohusisha nchi 12 uliwapima watoto wa miaka 9 hadi 11, na kwa upande wa Kenya ulifanyika Nairobi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa takriban mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliozidi. Waliofikisha dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, hawakuzidi sana asilimia 12. Walioelemewa na uzito zaidi walikuwa watoto wa familia zenye uwezo, kinyume na hali ya Ulaya au Marekani ambako unene umewaganda zaidi maskini. Mtoto wa Nairobi au Masaki anayechukuliwa na basi la shule mlangoni, akarudi jioni moja kwa moja kwenye tuisheni, anahitaji dawa tofauti na mtoto wa Chemba anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule na kurudi bila kutia kitu tumboni. Kumwambia huyu wa pili aongeze mazoezi kabla hajala ni dhihaka.

Nani abebe gharama

Mkondo wa kwanza wa hoja unasema mzigo ni wa mzazi. Uganda iliuandika msimamo huo katika Sheria ya Elimu ya mwaka 2008, inayomtaja mzazi kuwa mwenye jukumu la kumlisha mwanafunzi. Nguvu ya hoja hii ni kwamba mzazi anayetoa mahindi yake hufuatilia yalikokwenda. Kamati ya shule iliyochangisha inajua stoo ina magunia mangapi, na mpishi aliyeajiriwa na kijiji haogopi kuulizwa. Zaidi ya hapo, chakula kinapatikana bila kusubiri fedha kutoka Dodoma.

Udhaifu wake unaonekana kwenye kalenda. Muhula wa kwanza huanza Januari, wakati ambapo katika maeneo mengi yenye msimu mmoja wa mvua maghala yanaelekea kuisha na shamba jipya bado ni majani. Mchango unadaiwa mwezi ambao familia haina. Asiyetoa, mtoto wake afanyweje? Akinyimwa, anakaa pembeni akiwatazama wenzake wanakula, na kesho haji. Akipewa, waliotoa wanauliza kwa nini wao walitoa. Shule nyingi hukwama kwenye swali hilo dogo kuliko zinavyokwama kwa umaskini wenyewe.

Wa mkondo wa pili wanasema serikali ilipe. Hoja yao ina uzito wa haki: kama kuhudhuria ni lazima kisheria, anayelazimisha amlishe anayelazimishwa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Brazil, yenye chakula cha bure kwa mamilioni ya wanafunzi, na sheria yake ya 2009 iliyoagiza angalau asilimia 30 ya fedha ya taifa ya chakula cha shule itumike kununua kwa wakulima wadogo. Lakini hesabu za Tanzania ni ngumu. Serikali humtengea mwanafunzi wa bweni Sh1,500 kwa siku. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh10,000 kwa mwaka. Hata fedha hiyo yote ingeelekezwa jikoni, na sehemu yake tayari huenda kwenye vitabu, isingefika Sh60 kwa siku ya masomo. Andazi moja haligusiki kwa bei hiyo. Tukiacha kiwango, kuna ucheleweshaji. Chakula kinachotegemea fedha ya serikali peke yake hukatika fedha inapochelewa, na tumbo halijui habari ya mwaka wa fedha.

Mkondo wa tatu ni wa kugawana, na ndio unaotembea haraka zaidi katika kanda hii. Rwanda, baada ya kupanua mpango wake ufike kila ngazi, iliweka mchango wa mzazi wa shule ya msingi kuwa faranga 975 kwa muhula, serikali ikabeba takriban sehemu tisa kati ya kumi ya gharama ya mlo. Nairobi ilianza mpango wa Dishi na County mwaka 2023, kaunti ikishirikiana na shirika la Food4Education lililoanzishwa na Wawira Njiru. Mtoto analipa shilingi tano za Kenya. Mzazi huingiza fedha kwa simu, mtoto anavaa bangili ya kielektroniki, anaigusisha kwenye kifaa, anapokea wali na ndengu au maharage na mboga zilizopikwa katika jiko kuu na kusafirishwa zikiwa moto. Uzuri mmoja wa bangili hausemwi sana: mwenzake kwenye foleni hawezi kujua nani kalipa na nani kalipiwa.

Mpango wa namna hiyo una mipaka yake. Jiko kuu linalopika maelfu ya sahani linahitaji barabara nzuri na shule zilizokaribiana. Kongwa au Turkana si Nairobi. Unategemea pia mshirika mwenye wafadhili, na wafadhili hubadilisha mawazo. Kenya kuna pia suala la katiba: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti elimu ya chekechea, huku shule za msingi zikiwa za serikali ya kitaifa. Kaunti inayolisha shule za msingi inafanya jambo jema kwenye uwanja ambao wakosoaji wana pa kuanzia wakitaka kuuliza kama ni wake.

Kilichomo ndani ya sufuria

Kujaza tumbo na kumlisha mtoto ni mambo mawili. Kati ya mwaka 1998 na 2000 watafiti walifanya jaribio katika shule 12 za Embu, Kenya, linalofaa kujulikana zaidi kuliko linavyojulikana. Wanafunzi walipewa githeri, yaani makande, kila siku ya shule. Kundi moja lilipata githeri iliyoongezwa nyama ya kusaga, la pili githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta ili nguvu ilingane, na kundi la nne halikupewa chakula hicho. Waliokula nyama waliongezeka misuli kuliko wengine na walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kufikiri. Watafiti walipowatazama uwanjani wakati wa mapumziko, waligundua kuwa walewale wa nyama ndio waliocheza kwa nguvu zaidi, ndio pia walioanzisha michezo na kuwaongoza wenzao. Maziwa nayo yalisaidia urefu kwa baadhi ya watoto wadogo waliokuwa wamedumaa. Hakuna aliyewaamuru wakimbie. Wanaopanga chakula ofisi moja na michezo ofisi nyingine wangeusoma utafiti huu kwanza.

Nyama kila siku haiwezekani kwa shule ya kawaida. Kinachowezekana ni kupandisha hadhi ya kile kilichopo. Makande yenye maharage ya kutosha ni chakula cha maana; makande ambayo maharage yanahesabika ni mahindi ya kuchemsha. Dagaa wa Ziwa Victoria waliosagwa wanaweza kuingia kwenye mboga. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vinastawi katika bustani ya shule na vina vitamini A ambayo viazi vyeupe havina.

Unga ndio unaoleta mabishano makali. Wataalamu wa lishe wanahimiza dona, kwa kuwa sembe hupoteza sehemu kubwa ya vitamini na nyuzinyuzi kinu kinapokoboa. Hoja ni sahihi, lakini dona lina mawili yasiyotajwa kwenye mabango. Halikai, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha, hivyo lazima lisagwe kidogo kidogo. La pili ni zito: sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu zilezile zinazoondolewa kwa kukobolewa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu takriban 20 katika mikoa ya kati ya Tanzania. Sasa fikiria stoo ya shule inayopokea debe moja kutoka kwa kila nyumba, mengine yamekauka vizuri, mengine yamevunwa na unyevu, yote yakamwagwa pamoja. Mchango wa mahindi bila kipimo cha unyevu na turubai la kukaushia unaweza kugeuza dona, chakula bora, kuwa hatari. Ndiyo maana hoja ya kuongeza virutubishi kwenye unga ina nguvu kwa shule: mashine ndogo ya kusaga ikifungwa kifaa cha kuchanganya madini na vitamini, kama shirika la Sanku linavyofanya nchini Tanzania, mtoto anapata madini ya chuma na asidi ya foliki bila kubadilisha mazoea ya mezani.

Halafu kuna moto. Agizo la serikali lilizitaka taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Kwa misitu na mapafu ya wapishi ni jambo jema, na lingemwondolea mtoto ule ukuni anaoubeba kila asubuhi. Lakini shule iliyopika kwa kuni za bure sasa inatafuta fedha ya gesi, na fedha hiyo mara nyingi hutoka palepale pa maharage.

Nje ya geti kuna soko jingine: mihogo ya kukaanga, kachori, barafu za mifuko, biskuti, juisi za unga zenye rangi kali. Baadhi ya wakuu wa shule huwafukuza wauzaji. Mexico ilikwenda mbali zaidi, ikapiga marufuku vyakula visivyofaa katika shule zote kuanzia Machi 2025. Marufuku husaidia pale ambapo ndani kuna mbadala. Uingereza, mpishi Jamie Oliver alipochochea mageuzi ya chakula cha shule, baadhi ya akina mama wa Rotherham mwaka 2006 walisimama kwenye uzio wa shule wakiwapitishia watoto chipsi na baga. Mama muuza mihogo wa hapa si adui. Mara nyingi ni mzazi wa shule hiyohiyo, na ndiye anayejua watoto wanapenda nini. Kumpa eneo safi na kumpa sharti la kuuza matunda, karanga na mayai ya kuchemsha kuna tija kuliko mgambo.

Kipindi kinacholiwa na hisabati

WHO ilikadiria kuwa mwaka 2016 asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango cha chini cha kuushughulisha mwili. Afrika Mashariki haina kisingizio cha mitaala. Tanzania ilikuwa na somo la Haiba na Michezo, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una Sanaa na Michezo. Kenya ina michezo ndani ya mtaala wa umilisi uliosambazwa nchi nzima kuanzia 2019. Kwenye ratiba iliyobandikwa ofisini, kipindi kipo.

Kinaliwa kwa njia tatu. Mtihani unapokaribia, hisabati inakichukua, na mwalimu anayefanya hivyo hupongezwa. Shule nyingi za mijini hazina uwanja. Nyingine zilikuwa nao, madarasa mapya yakajengwa juu yake. Na walimu wengi hawakufundishwa namna ya kuwachezesha watoto 90 kwa mpira mmoja, kwa hiyo wavulana kumi na wanane wanacheza, waliobaki wanashangilia. Wasichana wanaumia zaidi. Sketi ya sare, ukosefu wa pedi na mahali pa kubadilishia nguo vinawaondoa uwanjani mapema, na hakuna anayeandika kwamba wameondoka.

Wanaotetea mashindano wanasema yanaibua vipaji na kuwapa walimu sababu ya kujali michezo. Ni kweli. Kasoro yake ni kwamba fedha inakwenda kwa wachache wenye uwezo tayari, ilhali afya inamhitaji yule mzito anayejificha nyuma. Huko Stirling, Scotland, shule moja ilianza mwaka 2012 kuwatoa watoto wote wakimbie au watembee dakika 15 kila siku, bila sare maalumu, bila mshindi. Mpango huo, unaoitwa Daily Mile, umeenea dunia nzima. Mtanzania wa miaka hamsini akiusoma atatabasamu: huo si mchakamchaka? Tofauti ni kwamba wa Scotland haukuwa na kiboko, na hakuna aliyekimbizwa akiwa na njaa.

Matarajio nayo yawekwe mahali pake. Tafiti nyingi za programu za mazoezi shuleni zinaonyesha kuwa uzito wa mtoto haubadiliki sana kwa kipindi cha shule pekee. Kinachoboreka zaidi ni uimara wa mwili na utulivu darasani. Anayeuza mazoezi kama tiba ya unene atakosa cha kusema baada ya mwaka mmoja.

Chakula nacho kina mipaka. Jaribio lililofanyika magharibi mwa Kenya, Busia na Teso, lilikuta kuwa uji katika shule za awali uliongeza mahudhurio kwa takriban theluthi moja, lakini alama zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa amefundishwa vizuri. Kupika na kugawa uji kulikula muda wa masomo. Mtoto alikuja, akala, akakaa, na kama mbele hapakuwa na mwalimu wa maana, ikaishia hapo.

Mizani

Ukiyaweka yote pamoja, msimamo wa kugawana gharama ndio wenye miguu, kwa sharti kwamba sehemu ya serikali itangulie na ijulikane. Mzazi wa kijijini anaweza kutoa maharage baada ya mavuno. Hawezi kutoa Januari. Kwa hiyo miezi ya njaa, unga ulioongezwa virutubishi na nishati ya kupikia viwe vya serikali na halmashauri, mavuno yawe ya wazazi, na hakuna mtoto atakayetolewa kwenye foleni kwa deni la nyumbani. Hili la mwisho liandikwe kwenye waraka kwa lugha ambayo mwalimu mkuu anaweza kumsomea diwani.

Kwa upande wa mwili, robo saa ya kila siku kwa wote ina faida kuliko vipindi viwili vya mashindano kwa wachache. Haihitaji uwanja wa kipimo wala mwalimu mbobezi. Wathibiti ubora wa shule, ambao tayari wanakagua maandalio ya masomo, wakitakiwa pia kufungua sufuria, kuitazama stoo na kusimama dakika hizo 15 uwanjani, kipindi kitaacha kuliwa. Shule za mjini zenye wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi zina sababu ya kuzidisha muda huo. Za vijijini zianze na uji.

Kikwazo kikubwa kiko kwenye bajeti ya lishe ya halmashauri. Mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa waliitia saini mara ya kwanza Desemba 2017 na tena 2022 imeifanya lishe iwe kipimo cha utendaji wao, na halmashauri zimeagizwa kutenga Sh1,000 za lishe kwa kila mtoto. Hesabu hiyo, hata hivyo, inaishia chini ya miaka mitano. Anapoandikishwa darasa la kwanza, mtoto anatoka kwenye fungu hilo na kuingia kwenye mjadala wa debe la mahindi. Kumfuata na fungu hilo hadi darasani ni uamuzi wa TAMISEMI na Hazina, na utawalazimu waseme wazi ni kasma ipi itakayopunguzwa.